Chumba cha Mgeni Nyuma ya Tanuri

Karatu, Agosti 1983

Baba Neema,

Leo asubuhi nimepaka mafuta ukutani. Nilichota kidogo kwenye kile kikopo chako cha mafuta ya mkia wa kondoo, nikayapaka pale pale ulipokuwa ukipaka wewe, kimo cha goti, nikasubiri. Yakalainika bila kutiririka. Lilikuwa joto la Mgeni kabisa. Nikabaki nimesimama na kidole chenye mafuta, nikakumbuka kwamba mwenye joto lake hayupo.

Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kwanza. Ulikuwa ukitoka safari, hata koti hujavua, unauliza, "Mgeni ana joto?" Baada ya hapo ndipo unauliza habari za Neema, na zangu mwisho. Nilikuwa nakasirika. Sasa ningekubali kuulizwa wa mwisho maisha yangu yote, mradi anayeuliza uwe wewe.

Mgeni amekufa, Baba Neema. Hakufa kwa njaa, wala kwa panga la jirani kama tulivyohofia miaka yote. Nitakueleza ilivyokuwa kwa mpangilio, maana ulikuwa ukinicheka kwamba hata kulia nalia kwa mpangilio. Ila shajara yangu haina kitu tangu tulipokuzika. Naandika tarehe juu ya ukurasa, halafu naikodolea macho. Labda nikikuandikia wewe mkono utatembea.

Nirudi nyuma kidogo, ingawa haya yote unayajua. Sina mwingine wa kumwambia "unakumbuka?"

Unakumbuka siku ulipomleta? Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, wageni wamekuwa adimu, na ile hoteli yenu kule juu ukingoni mwa kreta ikabaki na wapishi wengi kuliko walaji. Ukarudi nyumbani na koti jeupe la mwokaji na ufundi wa mikate kichwani. Ukajenga tanuri uani kwa matofali ya kuchoma, watu wakaja kulitazama kama wanavyokuja kutazama bibi harusi. Mwaka uliofuata ukapanda lori kwenda Baray kufuata vitunguu. Ulirudi na vitunguu nusu gunia, kifua wazi ndani ya koti, na fulana yako imefungwa fundo ndani ya debe. Kule walikuwa wanachoma majani kusafisha shamba, akatoka motoni chatu mchanga, mwembamba kama kidole gumba, urefu wa mkono wangu. Wenye shamba wakainua majembe. Wewe ukavua fulana ukamfunika.

Mama yako alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage. Akauliza kuna nini kwenye debe. Ukamjibu, "Mgeni, Mama." Akainuka, akapangusa mikono kwa ajili ya kusalimia. Alipochungulia ndani alirudi kinyumenyume mpaka akamwaga maharage yote, akasema kwa Kiiraqw maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua. Kisha akasema taratibu, "Hicho kikilala hapa, mimi nalala na ng'ombe." Akalala nao kweli, siku ile tu, kwa sababu ndama alimlamba masikio. Jina la Mgeni likabaki.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa sanduku la majani ya chai, lile la mbao nyembamba lenye karatasi ya kung'aa ndani. Ulilitoboa matundu ubavuni, ukaliweka jikoni karibu na mafiga, na baridi ikizidi ulimwekea chupa ya maji moto ndani ya soksi yako. Nilikuwa nafua soksi zinazonuka nyoka. Ulipofika mwezi wa Julai na ukungu wetu huu unaoingia mpaka kwenye mablanketi, alimeza panya vizuri, kesho yake akamtapika mzima, manyoya na yote. Nilisema ana sumu tumboni. Wewe ulichuchumaa mbele ya sanduku muda mrefu, ukasema, "Hapana. Panya hajaiva. Sisi moto tunao ndani, yeye anaazima wa nje. Tumbo lake limezimika." Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba hutamrudisha Baray.

Ukajaribu jiko la mkaa chini ya sanduku. Joto likapatikana, lakini hewa ikakauka, na alipojivua gamba likatoka vipande vipande, jingine likamganda machoni akawa kipofu. Ulimloweka kwenye karai la maji ya uvuguvugu, ukamshika kichwa huku mimi nikimsugua kwa kitambaa. Kipande cha jicho kilipotoka, ulikiweka juu ya ukucha wangu, kidogo, kinapitisha mwanga, kama glasi ya saa. Nilisahau kuogopa. Tangu hapo tukawa tunamwekea gunia lililoloweshwa pembeni. Ukawa unasema joto peke yake halimtoshi mtu, lazima na unyevu.

Halafu ile siku chupa ilitoka kwenye soksi. Alijizungusha kwenye chupa isiyo na soksi, yenye maji ya moto, akalala juu yake, na tulipomwinua tumbo lilikuwa limevimba malengelenge. Alikuwa ametulia kabisa. Hiyo ndiyo iliyokutisha. Ulinieleza, ukamweleza na Neema alipokua, kila mara kwa maneno yale yale: "Anajua kulitafuta joto, hajui kulikimbia. Linamuunguza naye amelala." Ukaapa kwamba kati ya Mgeni na moto patakuwa na ukuta siku zote.

Ukajenga ukuta. Yaani ukuta ulikuwepo, mgongo wa tanuri, ule ambao paka wote wa Karatu walikuwa wanaupenda. Ukauzungushia chumba cha matofali na udongo, mlango wa bati la pipa, nusu pipa ya maji chini. Upande mmoja umegusana na tanuri, upande wa pili umeelekea zizini ambako ni baridi. Nilikuuliza kwa nini usimsogeze karibu na tanuri kote kote, ukasema, "Mwache achague mwenyewe." Mimi nikataka kipimo, ndivyo nilivyofundishwa shuleni na ndivyo ninavyofundisha. Wewe kipimo chako kikawa mafuta ya kondoo. Yakiganda meupe ukutani, ongeza kuni. Yakitiririka, fungua mlango wa tanuri. Yakilainika yakakaa, nenda ukakande unga wako.

Akakua. Kila ulipojenga, alijaa. Ulivunja ukuta wa upande wa zizi ukaongeza urefu, ukavunja tena. Kutoka panya akaenda kwenye sungura, na kuku wa Mama wakaanza kuhesabiwa kila jioni kwa sauti kubwa ili usikie. Mara ya mwisho ulipokuwa unachanganya udongo, Mama alisimama kwake, kwa kuwa nyuma ya tanuri hakuwahi kukanyaga hata mara moja, akasema, "Nyoka anajengewa chumba cha tatu. Mimi niliyekuzaa paa langu linavuja." Ulipanda juu ya paa lake siku ile ile na udongo mikononi, naye akasimama chini akikuelekeza na kukutukana kwa zamu.

Wateja nao. Wanapokea mkate wanaunusa: "Baba Neema, huu haujalaliwa?" Na yule Mmasai wa Kakesio aliyekuja na punda kununua mikate na sukari, akaomba aone huyo mfugo anaosikia habari zake. Aliegemea fimbo mlangoni, akamtazama Mgeni kwa heshima, akauliza, "Mifugo gani hii? Haikamuliwi, haitolewi mahari." Ukamjibu kwamba anakaa tu. Akafikiri. "Basi hata mimi nyumbani nina mkwe wa namna hiyo." Ulicheka mpaka ukaunguza mikate. Nimekuwa nikijaribu kukumbuka kicheko kile kilikuwa na sauti gani mwishoni, ile sehemu ya kuvuta pumzi, na kila siku kinazidi kuwa mbali.

Kwa sababu sauti niliyobaki nayo ni nyingine. Ni ile ya kifua chako. Ulikuwa ukitoka kwenye moto wa tanuri na fulana imelowa jasho, unatoka nje kwenye ukungu kupasua kuni, unarudi. Miaka yote. Mvua za mwaka huu zikakukuta. Kikaanza kikohozi, kikaja kile kifua cha kupiga filimbi, kama mtu anayevuta uji kwa mrija. Hospitali walikuchoma sindano, wakasema tungoje. Mama alikaa upande wa kichwa chako, mimi miguuni. Maneno yako ya mwisho yenye maana, Baba Neema, hayakuwa "mtunze Neema." Ulisema, "Ukuta usipoe." Nikasema hautapoa. Mama alisikia. Alinitazama, kisha akatazama mikono yake.

Hukuwaza, na mimi katika hali ile sikukumbuka, kwamba ulikuwa unaniomba kitu ambacho nyumba yenye msiba hairuhusiwi kufanya.

Tulikuzika. Tulipotoka makaburini tulikuta mafiga yangu yameondolewa majivu na tanuri limezibwa mlango kwa bati. Unaijua desturi kuliko mimi. Nyumba iliyofiwa moto wake unazimwa. Hauombwi, hautolewi, hakuna chakula kinachotoka humo kwenda kwenye kinywa cha mtu mwingine, mpaka mjane anyolewe. Niliruhusiwa kamoto kadogo ndani, ka kiberiti kipya, ka kupikia uji wangu na wa Neema. Tanuri, hapana. Mzee wa kanisa alipokuja kusali nilimwuliza kwa faragha, akasema kanisa halina neno juu ya tanuri, akanywa maji yake akaondoka haraka.

Nilimwita mdogo wako Bura. Nilimwambia sitaki kuoka, nataka kuwasha tu, ukuta upate moto. Hakuwa mkali. Alikaa kwenye kigoda chako, akazungusha kofia mikononi.

"Shemeji, moto ni moto. Watu wakiona moshi hawatauliza ni wa mkate au wa nyoka."

Nikamwambia ulichosema hospitalini. Akaiweka kofia gotini.

"Ukiwasha sasa, mkate wako hautanunuliwa hapa Karatu mpaka Neema aolewe. Halafu mtakula nini? Mtamla Mgeni?"

Tulicheka wote wawili, tukaona aibu. Alikuwa amesema kweli. Mkate ndio uliotuvusha wakati wa kukosa sukari na wakati wa kukosa sabuni, na mshahara wangu wa ualimu unaujua. Tanuri likinajisika, limekwisha. Nikabaki na ahadi mkono huu na tanuri mkono ule, na sikuweza kuvishika vyote.

Matofali yako ni mazuri. Yalikaa na joto siku kadhaa, yakilitoa polepole kama mkate uliofunikwa. Nilikuwa natoka kwa mlango wa nyuma nimejitanda kanga mpaka machoni, napaka mafuta, nagusa. Kisha asubuhi moja nikayakuta meupe, magumu kama nta. Nilisimama pale. Ningeweza kusema huo ndio wakati nilipoamini kwamba umekufa.

Nilifanya nilivyoweza. Kwenye kale kamoto ka uji nilichemsha maji sufuria baada ya sufuria, nikajaza madumu, nikayafunga magunia, nikayapanga ukutani mbali kidogo na yeye, kama ambavyo ungetaka. Yalipopoa nilianza tena. Nilijaribu kumwingiza ndani ya nyumba, tukamvuta kwa gunia mimi na Neema, lakini alikuwa mzito kuliko sisi sote, na alificha kichwa katikati ya mizunguko yake, tukaogopa kumvunja. Niliweka jiko la mkaa mlangoni, moshi ukaingia wote kwake. Nikalitoa. Kuni za ndani zikaisha. Julai ikaja na ukungu wake.

Akaacha kuzunguka. Akaacha kuchagua. Alilala amebana mwili wake wote kwenye ule ukuta uliokufa, Baba Neema, hata nilipoweka madumu upande mwingine hakuhama. Alikuwa anakumbuka mahali joto lilipokuwa. Na mimi nalala upande wako wa kitanda.

Halafu akaanza kupiga filimbi. Unaelewa? Alikuwa anainua kichwa juu, mdomo wazi kidogo, povu pembeni, na ile sauti. Mrija kwenye uji. Ilikuwa sauti yako. Nilitoka mle ndani nikakaa chini nje ya mlango nikiziba masikio, mwalimu mtu mzima. Nilipoinua macho nilimwona Mama amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya ua, mkono kifuani. Naye alikuwa ameisikia. Kutoka kwake inasikika, maana ukuta wa zizi ni mwembamba. Aliingia ndani akafunga mlango.

Lazima nikuambie kuhusu Mama. Hakulia msibani kwako. Wanawake walimshika huku na huku wakimsubiri alie, yeye akawa anauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Watu walianza kunong'ona. Chakula alichukua na kukishika tu. Mimi nililia kwa niaba ya wawili, na moyoni nilimlaumu.

Siku ya kunyolewa ikafika. Wanawake walikuja kunichukua kwenda kijitoni, waninyoe, wanioshe, nirudi nikiwa mtu ambaye moto wake unaweza kuombwa tena. Bura alikuwa tayari amepanga kuni mbele ya tanuri, aliniambia kwamba kesho yake alfajiri ataliwasha kwa mkono wake mwenyewe. Nilimchungulia Mgeni nikamwambia avumilie. Nilimwambia hivyo kwa sauti: "Vumilia, ni leo tu." Nikaenda.

Maji yalikuwa baridi. Nilirudi na kichwa kitupu, upepo unanigusa mahali ambapo haujawahi kunigusa, na nikaona mlango wa bati uko wazi.

Mama alikuwa ndani. Mama yako, ambaye hajawahi kukanyaga nyuma ya tanuri, alikuwa amekaa chini kwenye udongo, miguu imenyooshwa mbele, na kichwa cha Mgeni kilikuwa mapajani mwake juu ya kanga yake. Alikuwa anampapasa kichwani kwa kidole kimoja, kama anavyowafanyia vitoto vya mbuzi. Aliweka kidole mdomoni mwake nisiongee.

"Amenyamaza," aliniambia. "Nilimsikia tangu mlipoondoka. Nikasema, huyu naye? Huyu naye niwe namsikiliza tu? Sasa amepata joto, amenyamaza."

Nilimwuliza joto amelitoa wapi. Akafunua gunia. Unajua anavyowatunza watoto wa mbuzi waliozaliwa kwenye baridi. Anapasha mawe ya mafiga, anayafunga kwenye gunia, anawalaza juu, na kitoto cha mbuzi jiwe likizidi moto kinapiga kelele na kuruka. Ndivyo anavyojua kama limezidi. Miaka yote ameokoa mbuzi kwa njia hiyo, na kabla ya mbuzi alikuokoa wewe, uliyezaliwa Julai kabla ya wakati, amenisimulia mara nyingi. Alikuwa ametoa mawe yote ya moto wa nyumbani kwake, ambao haukuzimwa, makubwa, ameyapanga chini ya tumbo la Mgeni, ameyafunika, na kwa kuwa hakupiga kelele, aliongeza.

Anajua kulitafuta joto, hajui kulikimbia.

Nilisikia harufu kabla ya kuinua gunia la pili. Sitaeleza nilichokiona chini. Nimeshaeleza malengelenge ya chupa. Fikiria hayo, kisha acha kufikiri. Mgeni alikuwa ametulia. Alikuwa amelala kama anavyolala aliyeshiba. Mama alinitazama usoni, kichwa changu kipya hiki, akasubiri niseme kitu.

Nilisema, "Asante, Mama."

Nikamwambia apumzike, nitaendelea mimi. Alipotoka niliyavuta mawe moja moja kwa koleo.

Bura aliwasha tanuri alfajiri kama alivyoahidi. Jioni mafuta yalilainika ukutani. Ukuta wako ulikuwa na joto, Baba Neema, ahadi yangu ilitimia siku ambayo haikuwa na kazi tena. Mgeni aliishi siku chache. Hakusogea kwenye ukuta. Alilala upande wa zizi, upande wa baridi, ule ambao hajawahi kuupenda, na nadhani mwisho alijifunza kukimbia. Mama alikuja kila siku kumwangalia, na sasa alikuwa anaingia bila kubisha hodi. Alikuwepo alipokufa. Aliniambia, "Kifua kile kile. Kimewachukua wote wawili." Na pale, juu ya nyoka, akalia. Alilia jina lako. Alilia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba mpya, wakamkuta bibi kizee amemkumbatia chatu, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Mtu mmoja alikuja kuulizia ngozi. Mama alichukua fimbo ya kuswagia ng'ombe, akasimama mlangoni, yule mtu akakumbuka ana safari. Tulimzika Mgeni nyuma ya tanuri, amejikunja mviringo. Neema alitaka kuweka gamba moja zima la Mgeni alilokuwa amelihifadhi, kisha akabadili mawazo, akalirudisha chini ya mto wake. Ananiuliza kama huko uliko kuna tanuri. Mimi niliyekuwa najibu kila kitu darasani, namwambia sijui.

Usidhani nimepona kwa sababu naandika vizuri. Unga ni wa taabu, tanuri linawashwa likiwa nusu tupu. Wateja wanarudi mmoja mmoja, wananunua mkate bila mzaha, na ni mzaha ninaoukosa zaidi. Mkate wangu ni mgumu pembeni. Nauvunja nikiwa peke yangu nautafuna nimesimama. Asubuhi naamka nikisikiliza filimbi, na ukimya ninaoukuta ni mbaya kuliko filimbi. Sioni mbele. Naona kesho tu, nayo ni ukungu.

Lakini kuna jambo moja sina budi kukuambia, kwa sababu ni la ukuta. Wiki iliyopita nilimkuta Mama mle chumbani. Alikuwa amebeba kigoda chake na ungo wa maharage. Alisema mifupa yake inauma kwenye baridi hii na kwamba chumba kizuri namna hii hakifai kukaa bure. Akauliza, kama mtu anayeulizia kiti cha mwenye nyumba, "Alipenda kukaa upande gani?" Nilimwonyesha. Akavuta kigoda akakaa karibu mno, mgongo umegusa matofali, na tanuri lilikuwa limewaka sana siku ile. Nilimwangalia. Alikuwa anasinzia, anatabasamu kidogo, jasho linamtoka. Hakusogea.

Nilimsogeza mimi. Nilimshika mabega nikavuta kigoda katikati ya chumba, akanung'unika kama mtoto. Tangu siku hiyo, kabla hajaja, napaka mafuta ukutani. Kila siku. Yakitiririka nafungua mlango wa tanuri.

Hajui mawe yalimfanya nini Mgeni. Bura hajui, Neema hajui. Mama anaamini kwamba alimpa joto, na kwamba ni kifua kilichomchukua, na anapolala mle ndani analala akiwa mama aliyemfunika mwanawe siku ya mwisho. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na sasa wewe. Ni kitu kizito, Baba Neema. Kuna siku anaponiambia "angalau hakufa na baridi" natamani kupiga kelele. Ndiyo maana nimekuandikia. Nilihitaji mtu wa kukishika nami upande wa pili, kama tulivyokuwa tunambeba Mgeni siku za kumsafishia chumba, wewe kichwani, mimi mkiani, na Neema akitembea katikati akisema anasaidia.

Hiki ndicho ninachokuahidi. Mama hatajua, si kutoka kwangu, hata akiniudhi, hata nikizeeka. Na maadamu yuko hai ukuta ule hautapoa, kuwe na unga au kusiwe na unga. Kukikosekana mkate wa kuoka nitawasha magunzi matupu, watu waseme mjane ameharibikiwa na akili. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa na furaha. Sikuahidi hata kwamba nitajaribu.

Lala sasa. Kanga yangu ya zamani, ile uliyokuwa ukifunikia unga uumuke, nimeitandika kwenye kigoda cha Mama. Nasikia anakohoa kidogo huko nyuma. Naenda kugusa ukuta.

Wako,
Mama Neema